Karani aliyekata lakiri

Saa moja na robo asubuhi, karani wa masjala ya mahakama anawasha mshumaa. Anashika juu ya mwali mche wa lakiri, nta ngumu nyekundu ya kufungia nyaraka za serikali, na kusubiri tone la kwanza.

Mbele yake kuna kurasa 231 zilizotobolewa na kupitishwa utepe wa kijani. Ni ombi la kurejeshwa kwa mtuhumiwa wa mauaji anayeshikiliwa nchi jirani.

"Mzee Lakiri, unafunga faili au unasuka nywele?" tarishi anamtania kutoka mlangoni.

"Pita zako," anajibu bila kuinua macho.

Ana miaka 59. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki chenye dirisha moja. Hakimu husaini, yeye hufunga.

Kwenye benchi ameketi mama wa marehemu, aliyekuja kusaini upya kiapo chake. Mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliuawa kwa kupigwa nondo miaka saba iliyopita. Mtuhumiwa, mwenye karakana aliyemwajiri, alivuka mpaka kabla ya mazishi.

"Kwa nini wasimhukumu hukohuko?" anauliza mama. Si mara ya kwanza.

"Damu ilimwagika huku, mama. Mahakama ya kule haina mamlaka juu ya kosa lenyewe. Inaangalia tu kama makaratasi yetu yanatosha kumkabidhi."

Makaratasi hayo yaliwahi kukataliwa. Mwaka uliofuata kifo, mtuhumiwa alikamatwa, na sheria ya kule iliruhusu azuiliwe siku sitini tu kusubiri ombi. Faili likiwa limeshafungwa, mwendesha mashtaka akataka nakala moja zaidi. Karani akakata lakiri, akafungua utepe, akatoa nakala, akafunga tena na kumwaga lakiri mpya juu ya ile ya zamani.

"Ilitoka nzuri kuliko ya kwanza," anakumbuka moyoni. "Nikajisifu."

Wakili wa utetezi aliona matabaka mawili. Jaji wa kule akasema hawezi kujua kama kurasa hizo ndizo alizosaini hakimu. Siku ya sitini mtuhumiwa aliachiwa, akahamia nchi isiyo na mkataba wa kurejeshana watuhumiwa. Mwezi uliopita alirudi nchi jirani kuuza nyumba, akakamatwa.

Karani alipewa barua ya onyo. Mama aliambiwa tu kwamba nyaraka zilikuwa na kasoro.

Leo karani anazima mshumaa.

"Mama, ile kasoro ilikuwa mkono wangu."

Anamweleza yote. Mama anasikiliza huku akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Miaka sita," anasema hatimaye, "kila nikitoka hapa nakushukuru."

Karani anauweka mche wa lakiri mezani.

"Washa mshumaa," anasema mama. "Funga. Mimi naangalia."

Karani anastaafu baada ya wiki tano. Ameomba aongezewe miezi mitatu, hajajibiwa. "Siku yule mtu akishushwa hapa kizimbani, nataka niwe benchi la nyuma," anamwambia mama. "Sitasema kitu."

Saa tatu kasoro dakika kumi, dereva wa wizara anasaini daftari na kuondoka na bahasha. Jumatano iliyofuata, ubalozi ulithibitisha kwamba faili lilipokelewa na mahakama ya kule siku ya thelathini na tatu kati ya zile sitini, lakiri ikiwa na tabaka moja.