Fundi Phelista na Kiti Changu

Anayesema mwanamke hawezi kufungua injini aje hapa Kitale aniambie mimi, ana kwa ana. Nitamjibu, na si kwa upole. Phelista, mke wa kijana wangu Wabwile, ana kibanda chake cha ufundi nyuma ya soko, na madereva wa malori humngoja tangu asubuhi wakati mafundi wengine wanacheza drafti. Nilijua hayo yote miaka minne, na sikuwahi kumpa hata boliti moja ya van yangu akaze.

Sababu ni kiti. Van yangu ni mzee kama mimi, injini iko chini ya kiti cha dereva, na huwezi kuifikia bila kukiinua. Na kwetu Wabukusu, mke wa mwanao hakalii kiti chako, hakigusi, hata mkono hampeani. Mnasalimiana kwa mbali, kila mtu na heshima zake. Sasa huyo ataingiaje hapo na spana?

Mwezi wa tatu mke wangu, Nakhungu, aliitwa Bungoma apasuliwe mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yamezibwa, haoni kitu, na nafasi hiyo tuliingoja miezi minane. Orodha ingefungwa saa tano asubuhi. Ukichelewa, unaanza kungoja upya.

Siku mbili kabla ya safari, Phelista alisimama langoni akaniita. "Baba, paipu za maji za hiyo gari zimechoka. Zimevimba, zinadondosha. Nimenunua mpya zote, hata ile ndogo ya hita."

Nikamwambia aziache hapo, nitaita fundi. Mbugua akaja, akabadilisha zile mbili kubwa. Ile ndogo imejificha nyuma kabisa, kuifikia ni kazi ya kutoa jasho. "Mzee, hii si tufunge na blada tu?" akasema. Na mimi, kichwa ngumu, nikakubali. Akaizungushia kipande cha tyubu kuukuu, akaenda zake.

Siku ya safari, tulipofika Kamukuywa, mvuke ulifoka chini ya makalio yangu. Niliruka nje nikipiga kelele, nikakuta ile blada imepasuka na maji yote yamemwagika barabarani. Nikampigia Mbugua. Simu imezimwa.

"Mpigie Phelista," Nakhungu akasema.

"Unajua haiwezekani."

"Baba Wabwile, wewe unalinda kiti, mimi nibaki gizani?"

Wacha niseme ukweli, niliona aibu. Nikapiga.

Alifika kwa bodaboda na ile paipu ndogo mpya mkononi, ameipitia kwangu nyumbani, akasimama hatua kumi kutoka kwangu, ameinamisha kichwa. Wazee wenzangu wa Kamukuywa walikuwa wameshajaa kando ya barabara kutazama. Nikafungua mlango wa dereva mwenyewe.

"Mama, ingia."

"Baba, una hakika?"

"Ingia kabla sijabadilisha nia!"

Mzee mmoja akaguna. Nikamwangalia hadi akatafuta mahali pengine pa kuangalia.

Lo, kazi ile! Alikataa kufungua kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe. Alikata ile blada kwa kisu, akachomoa paipu iliyooza, akakwangua kutu, akaingiza mpya na kukaza klipu kwa vidole asivyoviona. Kisha akajaza maji polepole, injini ikinguruma, mpaka hewa yote ikatoka. Saa tatu na nusu asubuhi ilikuwa imeshapita. Akarudisha kiti changu, akakipangusa, akashuka aende zake.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza. "Gari ikichemka Webuye nitaita nani? Endesha."

Nikaketi nyuma na Nakhungu. Phelista akaendesha hadi Bungoma, jicho kwenye geji ya joto. Tulifika saa tano kasorobo.

Kesho yake bandeji ya jicho la kwanza ilipotolewa, nilijipanga mbele kabisa, nimechana hata ndevu. Nakhungu akanitazama, akacheka. "Umezeeka, bana." Kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni, alikosimama Phelista. Tangu Phelista aolewe kwetu, Nakhungu alikuwa amemjua kwa sauti tu.

"Ni yeye?"

"Ndiye," nikasema, kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Ndiye fundi wangu."

Nakhungu akanyoosha mikono. "Njoo karibu, mwanangu, nikuone vizuri."