Shikamoo Aliyodaiwa Scolastika

"Nimechoka kuambiwa nina kiburi! Kiburi nakitoa wapi mimi, na magoti yamepasuka kwa kupalilia kahawa?"

Huyo ni Scolastika, na hapo tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza rozari ya jumuiya, tena nyumbani kwake mwenyewe. Aliyemchokoza ni shangazi yake, Hildegardi, mwanamke mrefu kama mti wa mgrivea, anayekumbuka kila ubaya uliowahi kutendwa hapa Mbinga.

"Siku ya Pasaka," alisema shangazi, "mlangoni pa kanisa, ulinipita kama unapita kisiki. Shikamoo yangu sijaipata mpaka leo. Lakini utingo wa lori, kitoto kile, yeye ulimpa!"

Hilo ni kweli, na sokoni bado wanalicheka. Kijana alikuwa ameegemea lori lililotoka mgodini Ngaka, kajaa vumbi la makaa ya mawe mpaka kwenye kope. Scolastika akaona mzee wa heshima, akapiga goti: "Shikamoo, baba." Kijana naye hana haya, akaitikia: "Marahaba, mwanangu."

"Si uvae miwani?" shangazi akamfokea.

"Ninayo! Ukibeba kuni kichwani, miwani ikateleza puani, utaipandisha kwa mkono gani? Ukungu ukiingia naona uji mtupu. Juzi nimetumbukia kwenye shimo la kilimo cha ngoro, shambani kwangu mwenyewe, nimeivaa hiyo hiyo."

Msije mkadhani ni kipofu. Mbali haoni, lakini karibu, mama wee! Avue miwani, akisogeze kitu puani, ataona kile ambacho wewe huoni hata umulike tochi. Mwiba uliokatikia ndani, funza aliyejichimbia chini ya ukucha, vyote anavitoa. Hata wavuvi wa Liuli, kule ziwani, wakipanda huku kuuza dagaa wa usipa humfuata na ndoana kidoleni. Hatozi kitu. Wanaomsema kwamba hasalimii ndio hao hao anaowatoa miiba.

Habari ya leza ililetwa na kaka yake Frederick, dereva wa lori. "Dada, Dar wanasawazisha macho kwa mwanga. Unaingia na miwani, unatoka bila." Scolastika akauza nguruwe wake, akapanda lori la kaka, akaenda. Yaliyotokea huko katusimulia mwenyewe.

Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mpole. Akampima, akamweleza.

"Njia ya kwanza, tunakata utando mwembamba wa mbele ya jicho, tunaufunua kama kifuniko, leza inasawazisha chini yake, tunafunika. Kesho yake unaanza kuona."

"Hicho kifuniko hakitaanguka nikiinama kupanda maharage?"

"Hakianguki, ila usilisugue jicho. Njia ya pili haina kifuniko. Tunaondoa ngozi ya juu tu, halafu leza. Hiyo inauma siku kadhaa, na kuona kunachelewa. Ya tatu si leza, tunakuwekea lenzi ndani ya jicho."

"Ndani? Halafu nikipiga chafya?"

"Piga tu, mama. Lakini umri wako umeshapita arobaini. Tukikusawazishia mbali, karibu hutaona kama unavyoona sasa. Utavaa miwani ya karibu. Au tulisawazishe jicho moja tu, jingine tuliache lilivyo."

"Moja la kusalimia, moja la miiba!" Scolastika alifurahi. "Na nikitaka kumkonyeza mtu?"

Daktari alicheka mpaka akashika meza, kisha akamwekea lenzi laini za kujaribia, aonje kabla hajaamua. Kwanza jicho moja. Scolastika akashuka ngazi kama ndama aliyezaliwa asubuhi hiyo, mlinzi akamwuliza amekunywa nini. Basi akawekewa kwenye macho yote mawili, akatoka nje.

Lo! Aliona majani ya mti moja moja. Alimwona Frederick ng'ambo ya barabara, yule aliyesema hana hamu ya kula, anafakamia chipsi mayai. Akaanza kusalimia kila anayepita, na watu wa Dar wakawa wanageuka nyuma kuona anasalimiwa nani.

Halafu akachomoa sindano yake ya miiba kwenye upindo wa kanga, aitazame. Hakuna sindano, kuna kiwingu. Akaisogeza puani, kiwingu kikazidi. Akajichoma kidole gumba, na damu yenyewe asiione vizuri. Scolastika akairudisha sindano kwenye upindo kwa kupapasa, akapanda ngazi kurudi ndani.

"Nitolee vitu hivi," alimwambia daktari. "Kuitwa mwenye kiburi nimezoea. Lakini mtu aje analia na mwiba, mimi nimwambie ngoja nitafute miwani?"

Daktari hakumlazimisha. Nguruwe akaishia kwenye vipimo na nauli ya kurudi, na Scolastika akarudi na kamba ya kufungia miwani kisogoni.

"Umeenda mpaka Dar kufuata kamba?" shangazi alimwuliza walipokutana njiani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hiyo ni ya leo. Ya Pasaka iko palepale."

Mwezi haukuisha, shangazi akachomwa mwiba akikata matawi ya ua wa nyumba yake. Kwenda kwa Scolastika hataki, atajishushaje? Akavumilia mpaka kidole kikawa kama kiazi. Asubuhi moja ya baridi tukamwona mlangoni, kavaa koti la marehemu mumewe na kofia ya sufu. Scolastika alikuwa amekaa na sindano, miwani inaning'inia kifuani. Akainua uso, akamtazama vizuri kabisa.

"Karibu, baba, kaa hapo. Umechomwa wapi?"

Shangazi alikuwa karibu kiasi cha kuweza kumshika bega. "Baba?"

"Nisamehe. Babu."

Sisi tuliokuwa tunasubiri zamu tulijiziba midomo kwa kanga. Shangazi akakaa polepole.

"Skola, ni mimi. Kumbe kweli hunioni! Na pale kanisani nilikuwa mbali kuliko hapa."

Scolastika alishtuka kwa ile sauti, lakini kidole alishakishika. Akakivuta mpaka puani, na kabla shangazi hajamaliza kupiga kelele, mwiba ulikuwa nje.

"Huu hapa. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Shangazi akapuliza kidole, akatuangalia mmoja mmoja. "Ya Pasaka nimekusamehe. Ila hilo la babu lisitoke humu ndani."