Upande wa Miguuni

Naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole kama mtu anayechambua mchele wenye mawe mengi. Lakini kila nikisikia harufu ya chandarua kipya, ile harufu kali ya dawa inayotoka mfuko unapochanwa, narudi Mabibo, mwaka niliokuwa darasa la tatu, masika ilipojaza maji kila shimo la mtaa wetu.

Chandarua chetu nilipewa shuleni. Nilikibeba kichwani hadi nyumbani, nikajiona mkubwa. Mama, ambaye huuza ndizi mbichi sokoni, alikianika kivulini siku nzima kama mwalimu alivyoagiza, kisha akakitundika juu ya kitanda nilicholala na mdogo wangu Shabani, mwenye miaka mitano. Kitanda kilikuwa chembamba, kwa hiyo tulilala mzungu wa nne: kichwa changu huku, chake kule, miguu ikigombana katikati. "Dada, miguu yako inanuka," alinichokoza. "Na wewe usiyeoga mpaka ukimbizwe je?" Alicheka hadi mama akatukaripia.

Mchana mama akiwa sokoni, wasichana wa uani tulicheza harusi. Siku moja ikawa zamu yangu kuolewa. Mwajuma, mtoto wa jirani aliyenizidi miaka miwili, alinitazama juu mpaka chini. "Bibi harusi gani huna shela? Kichwa wazi kama unakwenda bombani!" Wote wakacheka. Mimi ni mtu wa haya tangu utotoni. Niliingia ndani, nikachukua mkasi wa mama, nikakata kipande cha chandarua. Tena nilifikiri kwanza, ndiyo maana inaniuma. Nilichagua upande wa miguuni, nikijiambia kwamba miguu haikihitaji sana. Kingo zilizobaki nikazivuta na kuzichomeka chini ya godoro, shimo lisionekane. Sikukumbuka kwamba miguuni kwangu ndiko kichwani kwa Shabani. Nikaolewa kwa vigelegele, na aliyenishikia shela nyuma alikuwa yeye. "Dada umependeza," aliniambia.

Wiki kama mbili zikapita. Asubuhi moja Shabani alikataa chai na andazi, mwili wake wa moto kama chungu. Mama alidhani ni mafua ya mvua. Alasiri mtoto akashikwa na degedege. Mama alimfunga mgongoni kwa khanga, akakimbia naye hospitali, wakamwambia ni malaria na imepanda kichwani. Kesho yake adhuhuri mama alirudi, khanga ameikunja mkononi, mgongoni hakuna mtu.

Msibani wanawake walisema, "Na chandarua walikuwa nacho! Mbu wa siku hizi hawaogopi dawa." Mama akajibu, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Kabla matanga hayajaanuliwa, nilikishona kile kipande mahali pake kwa uzi mweusi, kwa kuwa mweupe sikuupata. Mama husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, lakini aliyekuwa nyuma ya ukuta hakuwepo tena. Sijui kama mama aliuona ule uzi. Hajauliza.

Sasa nina miaka kumi na tisa. Mtaani kumechimbwa mitaro, maji hayatuami kama zamani, na nina chandarua kizima ambacho hukipapasa pindo lote kabla ya kulala. Kitanda ni kilekile, ila kimekuwa kipana. Miguu yangu haigombani na ya mtu. Mama angali akiuza ndizi, na angali akiwaambia wageni kwamba mbu walishinda dawa. Kila akisema hivyo nafungua mdomo, kisha nateremsha macho.

Nimeweza kuwaandikia ninyi wasomaji nisiowajua, yeye aliye chumba cha pili sijaweza. Kama yupo kati yenu aliyewahi kumweleza mama yake jambo kama hili, tafadhali aniandikie, hata mistari miwili. Aniambie alianza na neno gani.