Kurasa Nilizozishona

Wanafunzi waliniita Sindano, wakidhani sijui. Jina hilo nililitafuta mwenyewe. Kila kitabu cha hadithi kilichokuwa kwenye kabati langu, pale shuleni Mpwapwa, nilikishona kurasa zake za mwisho kwa uzi mwekundu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na madukani vikajaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau hata harufu yake: sabuni za kunukia, viatu vya mtumba, redio kaseti. Vitabu vya hadithi ndivyo vilivyoadimika. Vya zamani viliishia stendi, kufungia karanga. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilivinunua kwa wauza karanga wenyewe kabla havijachanwa, kimoja kimoja, mpaka kabati likajaa. Mkuu wa shule hakupendezwa. "Mwalimu, hawa wamekuja kusoma," aliniambia, "wewe unawapa hadithi." Kwetu neno kusoma lina mabwana wawili, na yule wa mtihani ndiye mwenye nguvu.

Kwa hiyo nilitaka ushahidi kwamba vitabu vyangu vinasomwa kweli. Watoto wa kidato cha kwanza ni wajanja: anafungua mwisho, anaona nani kafa na nani kaoa, kisha anakuja kukusimulia kwa mbwembwe. Nikashona. Ukifika kwenye uzi, unakuja kwangu na kitabu, unanisimulia yaliyopita, nami naukata mbele yako. Ole wake atakayeukata mwenyewe. Nilikuwa mkali kupita kiasi, na ukali huo niliuita utaratibu.

Kumchagulia mtoto kitabu, hata hivyo, nilikujua. Sikumwuliza anapenda kitabu gani, maana asiyewahi kuonja atajuaje? Nilimwuliza mambo mengine: nyumbani nani anakuchekesha, unaogopa nini, ukipewa nauli ungekwenda wapi. Msichana mmoja wa miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye sauti ya chini, alilijibu swali la kwanza bila kufikiri.

"Mama. Anawaigiza madalali wa Kibaigwa."

Mama yake alikuwa akinunua mahindi vijijini na kuyapeleka kule sokoni. Akirudi, aliwaigiza madalali mpaka majirani wakaja kusikiliza. Nikampa binti hadithi ya mwanamke anayesafiri kwa miguu kumpeleka jogoo ukweni. Jogoo mwenyewe mkorofi, anatoroka kila kijiji, na kadiri safari inavyokwenda mwanamke anazidi kumpenda, ilhali anajua fika kwamba kuku wa ukweni mwisho wake ni chunguni.

Wiki iliyofuata aliniambia kuwa anamsomea mama yake kwa sauti, kwa kuwa mama hakujua kusoma. Nilifurahi mno, nikawatambia hadi walimu wenzangu. Tangu siku hiyo nikikutana naye barazani namwuliza, "Mama anaendelea?" Nilimaanisha hadithi.

"Anaendelea, mwalimu."

Siku nyingine akajibu, "Anaendelea hivyo hivyo." Nikacheka. "Mwambie akaze mwendo, jogoo atamwacha njiani!"

Mtu yeyote anayezungumza Kiswahili angelisikia neno lile. Mzima hajambo, anayeendelea ni mgonjwa. Ugonjwa wenyewe miaka ile hatukuutaja, tulisema tu fulani anaumwa, na mtoto aliyelelewa vizuri hamtangazi mama yake shuleni. Aliniambia kwa neno pekee alilokuwa nalo, nami, mwalimu wa lugha, nikalipokea kama habari za kitabu. Naona aibu hadi leo.

Kisha asubuhi moja akaja mlangoni pa ofisi ya walimu, akihema. Akatoa shikamoo ya haraka.

"Mwalimu, mama anauliza, jogoo anachinjwa?"

"Kitabu kiko wapi?"

"Nyumbani."

"Mmefika kwenye uzi?"

"Tumefika."

"Basi mwisho hauulizwi, unasomwa. Kilete kesho, unisimulie, nitaukata."

Alisimama pale pale. "Naomba uniambie tu, mwalimu."

"Mwambie mama mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Walimu wenzangu walicheka, na mimi nikacheka nao, nimeridhika na methali yangu. Binti akasema, "Ndiyo, mwalimu," akaondoka polepole kuelekea getini. Sikujiuliza kwa nini haelekei darasani.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Aliporudi, baada ya wiki moja na siku kadhaa, kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa wembe hadi kinang'aa. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Kila kitu kikanirudia kwa mpigo, anaendelea, anaendelea hivyo hivyo, na kile kicheko changu.

Alinikabidhi kitabu kwa mikono miwili. Uzi ulikuwa mzima. Kandokando ya mshono karatasi ilikuwa imekunjika na kuchafuka, palipokuwa pakichunguliwa kwa kidole bila kukata.

"Pole, mwanangu," nilisema. "Kwa nini hukuukata tu?"

"Ulikataza." Akatazama chini. "Jumapili aliuliza tena. Nikamwambia mwalimu hajasema."

Nilipekua droo nikitafuta mkasi, sikuuona, nikaukata uzi kwa meno. Nikamnyooshea kitabu kikiwa wazi. Hakukipokea. Machozi yalikuwa yamenijaa na sikutaka ayaone, kwa hiyo nikasema haraka haraka, nikiwa nimeinama juu ya zile kurasa.

"Hakuchinjwa. Walipomwona wakwe walimpenda, wakamfuga."

Niliponyanyua uso sikuona hasira usoni mwake, na hasira ningeipenda zaidi.

"Kumbe mtu anaweza kuambiwa tu," alisema.

Kisha akaomba ruhusa ya kwenda darasani, kwa sababu kengele ilikuwa imeshalia.