Mwanzi Unaogemwa

Siku hizi ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, hapa Makambako unauzwa kwenye madumu ya plastiki, haya tuyaache, lakini harufu ni ileile na kila nikiisikia nacheka peke yangu. Bibi yetu alizoea kutuambia, "Mkipotea msihangaike na njia, tafuteni mwanzi unaogemwa. Babu yenu kanisa husahau, ulanzi hasahau."

Siku moja tukitafuta uyoga ukungu ulitufunika, mdogo wangu akatetemeka mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikapapasa mianzi hadi nikapata mmoja unaodondosha ulanzi, nikamkumbatia mdogo wangu hapo.

Jioni babu akatokea na kisu chake. "Ninyi wezi, mnaninywea?"

"Tumepotea, babu. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Akambeba mdogo wangu mgongoni. Wanaume waliotoka kututafuta walirudi baadaye, wamelowa chapachapa, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango.