Mikono Mifupi ya Ndugu Yangu

Mimi hulipwa kuwadharau vijana ambao sijawahi kukutana nao. Kazi hiyo naifanya Gatitu, katika chumba kilicho juu ya duka la dawa za mifugo, ambako mimi na wenzangu wachache hutazama video za mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, na kuandika ni mchezaji gani wa chuo anayefaa kuchukuliwa na timu za kulipwa. Fungu langu ni malainbeka. Lainbeka ni yule anayesimama nyuma ya ukuta wa mbele wa ulinzi, anasoma mpira unaelekea wapi, kisha anamwangusha aliyeubeba.

Ndiyo kazi yake yote, lakini wakubwa wetu walioko ng'ambo hawataki kusikia habari za kusoma mpira. Wanataka urefu wa mkono. Wanataka upana wa kiganja. Wanataka kujua kijana anaruka kiasi gani akiwa amesimama tu, kana kwamba kuna siku mechi itasimamishwa watu waruke. Baada ya hapo tunaambiwa tuandike kwamba "ana injini" au "ana njaa". Sijawahi kumwona hata mmoja wa hao wenye njaa ambaye hakuwa ameshiba vizuri.

Nilichojifunza mimi kwa kutazama ni kitu kimoja. Washambulizi hudanganya: wanajifanya kumpa mpira huyu, kumbe wamempa yule. Malainbeka wengi huukimbilia uongo huo kama kuku waliomwagiwa mahindi. Aliye mzuri husubiri kidogo, halafu anakwenda mahali penyewe. Nikiandika hivyo, narudishiwa ripoti niongeze habari za kiganja.

Ndugu yangu mdogo alikuwa na subira hiyo kabla hajajua kwamba kuna mpira wa aina hiyo. Alikuwa anasomea umeme katika chuo kimoja mjini Nyeri na kuichezea timu yao ya raga. Wakati wa likizo, nyuma ya nyumba ya mama huko Mweiga, nilimfundisha kusimama kama lainbeka, na binamu zetu wakamfanyia hila kwa kagunia ka viazi badala ya mpira. Hawakumpata. Kwa hivyo tuliposikia kwamba skauti wa kigeni anakuja Nanyuki kutafuta mchezaji mmoja wa chuo, ampeleke ng'ambo kwenye kambi ambako timu za kulipwa huchagua watu, ndugu yangu hakulala vizuri tena.

"Siz, hii ndio chance yangu," aliniambia. "Nikimaliza chuo hapa ni kutarmac tu kama hao wengine."

Nilikuwa nawajua hao wengine, wanaozunguka kila siku wakitafuta kazi. Mmoja wao, fundi umeme mwenye cheti, alikuwa akiuza makasha ya simu chini ya dirisha letu.

Mama yetu hahesabu watu. Ukimuuliza ana watoto wangapi atakwambia, "Ni hao tu Mungu alinipea." Ng'ombe wake anawajua kwa sura, na mtu wa dairy anayechukua maziwa akimbana ataje idadi yao, anamwacha mmoja nje kwa makusudi. Ndivyo alivyolelewa: kilicho hai hukitaji chote, usije ukakiitia msiba. Nilipomweleza kwamba skauti atampima ndugu yangu kuanzia kichwa hadi kidole, aliweka kisu na viazi chini.

"Ni maiti ndio hupimwa," alisema. "Fundi anakuja na tape, anaenda kutengeneza sanduku."

"Mum, hiyo ni mambo ya kitambo," ndugu yangu alimwambia.

Mama aliokota kisu chake tena. Mwishowe alisema, "Basi enda, baba. Lakini usiwapee yote."

Tulipofika Nanyuki, skauti alikuwa mzee mnene mwenye filimbi, na miwani ya jua ambayo hakuivua ingawa mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu asubuhi. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma kutwa nzima. Alitutangazia kwamba amewatazama malainbeka maisha yake yote, na kwamba anaweza kumjua aliye mzuri kwa kumwona akishuka garini. Basi si angesimama pale stendi tu akawachagua, sisi tukabaki kwetu tukichimba viazi.

Kwanza walipimwa. Kila kijana alisimama ukutani akanyoosha mkono, na msaidizi wa skauti akavuta tepe kutoka begani hadi ncha ya kidole cha kati, jicho moja kwenye tepe na jingine kwenye simu yake. Kisha wakaruka, wakakimbia. Hila zilikuja mwisho, jua likiwa linaelekea kuzama na skauti akiwa amekaa kwenye kiti cha kukunja akila samosa. Ndugu yangu hakudanganywa hata mara moja. Walimwonyesha mpira kulia, akatulia, akaenda kushoto na kumlaza chini mtu mwenye mpira. Wachezaji wenyewe walianza kumpigia makofi. Skauti alipangusa vidole.

Aliyechaguliwa ni kijana mrefu kama mlingoti, ambaye alikuwa ameukimbilia kila uongo kwa bidii kubwa. Nilikwenda kuuliza kwa nini. Skauti alinijibu kwa Kiingereza chake cha puani kwamba ndugu yangu ni mchezaji safi kabisa, ila mikono ni mifupi, na lainbeka wa mikono mifupi hafiki popote.

Nilirudi kwa ndugu yangu kwa hasira. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, anaviangalia vidole vyake.

"Siz, nilikunja vidole wakinipima," alisema. "Kidogo tu. Ile ya Mum ilikuwa kwa kichwa."

Nilikimbia kumrudia yule mzee. Nilimwomba ampime tena, ni mkono mmoja tu, ni dakika moja. Akaniambia, kwa upole ule wa mtu ambaye hakusikilizi, kwamba tepe imeshafungwa ndani ya gari na jina limeshatumwa. Gari lenyewe lilikuwa hapo nyuma yake, mlango wazi. Kwetu hata mtu anayenunua mtamba kwa mara ya kwanza huomba amwone akitembea. Huyu alikuwa amevuka bahari nzima kuja kununua pembe. Nilimdharau nikiwa nimesimama mbele yake, na ninamdharau hadi leo, na dharau hiyo haijampeleka ndugu yangu mahali popote.

Mama alikuwa ametuwekea chakula. Nilimweleza yote, pamoja na ile ya vidole, kwa sauti ambayo sikupaswa kumtolea. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwani hawakumwona akicheza?"

"Walimwona, Mum," ndugu yangu alisema.

Mama akasema chai haina sukari. Mkebe wa sukari hukaa juu kabisa ya kabati, na tangu baba atuache yeye huupandia kiti. Ndugu yangu alisimama, akanyoosha mkono, akaushusha bila hata kuinua visigino. Mama aliutazama ule mkono ukipanda wote hadi kwenye vidole, ukishuka, ukiuweka mkebe mbele yake. Kisha akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa na kulia, na ndugu yangu akamtilia sukari.