Mifugo ya Gervasi

Winfrida na inzi walikuwa maadui wa siku nyingi. Tangu aolewe kijijini Mwamgongo alishinda juani akiwafukuza kwenye dagaa alioanika mchangani, huku mumewe Gervasi amejinyoosha kivulini, akisema hiyo ni kazi ya wanawake. Sasa bwana huyo kaona kwenye simu watu wanafuga vyura, naye kaokota vyura wake, tena anawazalishia inzi wadogo wa kula ndani ya chupa zenye ndizi zilizooza! Kuni za nyumbani hazimhusu, ila chakula cha chura anakihangaikia tangu alfajiri.

Chupa alizifunika kwa kipande cha chandarua. Mtu mzima na ndevu zake hakujua kwamba tundu linalomzuia mbu linampitisha inzi wa ndizi. Asubuhi chupa zilikuwa tupu, na dagaa wa Winfrida wamegeuka weusi kwa inzi.

Winfrida alipoinua kitambaa awapige, Gervasi akaja mbio.

"Polepole, Mama Esther! Usiwaue, hao ni mifugo yangu."

"Mifugo?" Winfrida akamtupia kitambaa kifuani. "Mifugo huchungwa, Baba Esther. Chunga."

Akaenda zake kujinyoosha kivulini.